Jinsi ya Kutoka Forest of Illusion, Msitu Unaozunguka wa Super Mario World

Mchezaji anayefika Forest of Illusion, au Msitu wa Mazingaombwe kama ninavyopenda kuuita, huwa amekwisha kupita dunia nne za mchezo wa video wa Super Mario World na kubomoa makasri manne, na katika safari hiyo yote kuna kanuni moja ambayo haijamtupa: kila hatua ina geti la kumalizia, na ukipita kwenye geti hilo ramani inakufungulia njia ya kwenda mbele. Ndani ya msitu huu, kanuni hiyo hiyo ndiyo inayompoteza. Geti lipo, utepe wake unapanda na kushuka kama kawaida, muziki wa ushindi unapigwa, njia mpya inachorwa kwenye ramani, na bado hakuna anakoelekea. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuutambua mzunguko huo, jinsi ya kuukata, na jinsi ya kurudi baadaye kuchukua vilivyobaki.

Tuanze na ramani, kwa sababu siri yote ya msitu imo humo. Hatua ya 1 ukiimaliza kwa geti la kawaida, inakupeleka hatua ya 2. Hatua ya 2 inakupeleka hatua ya 3. Hatua ya 3 inakupeleka kwenye nyumba ya mizimu, Forest Ghost House. Nayo nyumba ya mizimu, ukitoka kwa mlango wake wa kawaida, inakurudisha hatua ya 1. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Mara ya kwanza nilipoingia msituni humu niliuzunguka mduara huo mara mbili kamili kabla sijashtuka, na kilichonishtua si akili bali viwavi: niliwaona wale wale, mahali pale pale, nikajua nimekwisha kupita hapo.

Ishara ilikuwa mbele ya macho yangu tangu mwanzo. Kwenye ramani ya mchezo huu, hatua yenye njia moja tu ya kutokea huonyeshwa kwa kitone cha njano, na yenye njia mbili huonyeshwa kwa kitone chekundu. Hatua zote nne za msitu zina vitone vyekundu, na nyumba ya mizimu nayo ina milango miwili. Kwa hiyo unapoingia katika hatua yoyote ya hizo, usijiulize utafikaje kwenye geti. Jiulize njia ya pili imefichwa wapi. Mchezo mzima una njia za kutokea 96, na 14 kati yake zimo katika msitu huu mmoja.

Maandalizi

Yapo mambo mawili yanayofaa kufanywa kabla ya kuingia. La kwanza ni kupata unyoya, kwa sababu joho linalotokana nao humwezesha Mario kuruka angani na kushuka polepole, na msituni mengi yamewekwa juu ya upeo wa kawaida wa kuruka. Ikiwa uliwahi kubonyeza kitufe kikubwa cha Green Switch Palace (ikulu ya kitufe cha kijani) huko Donut Plains, dunia ya pili, vizuizi vya kijani utakavyokutana navyo njiani vitakupa manyoya bila shida. Ikiwa hukubonyeza, rudi Donut Plains upitie Top Secret Area, ambayo njia yake hufunguliwa na mlango wa siri wa Donut Ghost House. Hapo hakuna adui hata mmoja, ni vizuizi vyenye manyoya na maua ya moto, pamoja na Yoshi, dinosaria anayepandwa na Mario, na unaweza kuingia na kutoka mara nyingi upendavyo. Vaa kimoja, weka kingine katika kisanduku cha akiba kilicho juu ya skrini, kisha ndiyo uende msituni. Safari ya kurudi nyuma kwenye ramani ni ndefu kidogo, lakini ni fupi kuliko kupoteza maisha kumi.

Jambo la pili ni kujua mahali mchezo unapohifadhiwa. Katika toleo la asili la Super Famicom, lililotoka Japani tarehe 21 Novemba 1990 pamoja na mashine yenyewe, mchezo haukuulizi kama unataka kuhifadhi baada ya hatua za kawaida. Unakuuliza baada ya nyumba ya mizimu, ikulu ya kitufe, ngome au kasri. Maana yake ni kwamba unaweza kumaliza hatua tatu za msitu kwa jasho, ukazima mashine, na kesho yake ukaanza tena ulipoachia kasri la Ludwig, bosi wa dunia ya nne. Nyumba ya mizimu inaweza kurudiwa hata baada ya kumalizwa, kwa hiyo mchezaji anayetaka kupumzika huipitia kwanza ili ahifadhi. Wanaotumia toleo la Game Boy Advance huweza kuhifadhi wakiwa kwenye ramani, na wanaocheza kwa Nintendo Switch Online wanaweza kusimamisha mchezo popote, kwa hiyo kero hii haiwahusu.

Ufunguo na tundu lake

Katika hatua nne za msitu, njia ya pili hufunguliwa kwa ufunguo. Mahali fulani ndani ya hatua pana ufunguo mkubwa, na karibu nao pana tundu jeusi lililochorwa hewani au ukutani. Unauokota ufunguo kwa kushikilia kitufe cha Y au X, unaubeba huku bado umekishikilia, kisha unalisogelea tundu. Tundu linapanuka, skrini inamezwa na giza, na hatua inahesabiwa kuwa imekwisha kwa njia ya siri. Ukiachia kitufe, ufunguo unaanguka, lakini haupotei kwa kuanguka kwenye ardhi ngumu. Unaweza kuuokota tena, na unaweza hata kusimama juu yake ukautumia kama ngazi fupi. Aliyempanda Yoshi anaweza kumwacha Yoshi auchukue kinywani na kupita naye hadi kwenye tundu.

Jambo linalowasumbua wengi ni kwamba wakishaimaliza hatua kwa geti wanadhani nafasi ya kuutafuta ufunguo imekwenda. Haijaenda. Ingia tena. Faida ya hatua iliyokwisha kumalizwa ni kwamba unaweza kusimamisha mchezo kwa Start na kutoka kwa Select wakati wowote, kwa hiyo ukiharibu au ukapitiliza mahali ulipopakusudia, unatoka na kuanza upya bila kupoteza uhai. Kwa sababu hiyo mimi hushauri kila hatua ya msitu ipitwe kwanza kwa njia ya kawaida, kwa haraka, ndipo irudiwe kwa utulivu.

Njia fupi ya kutoka

Kwa anayetaka kutoka msituni tu, bila kukusanya chochote, njia ni hii: hatua ya 1 kwa geti, hatua ya 2 kwa geti, hatua ya 3 kwa ufunguo, kisha kasri la Roy, bosi wa msitu huu. Ni ufunguo mmoja tu unaohitajika kweli, na wala si ule wa hatua ya kwanza ambao watu huukesha usiku kucha.

Hatua ya 1 ni ya viwavi, ambao mchezo unawaita Wiggler. Wanatembea polepole, wana ua kichwani, na wanaonekana hawana habari na mtu. Ukimkanyaga mmoja, hafi: ua linadondoka, mwili unageuka mwekundu, na anaanza kukimbia. Kosa la wageni ni kumkanyaga kisha kutua mbele yake na kusimama kutazama kilichotokea. Mkanyage tu ikiwa una pa kwenda, ama mruke na umwache na ua lake. Wachezaji wenye mkono mwepesi hurukaruka juu ya viwavi mfululizo bila kugusa ardhi, kwa kuwa kila mruko huongeza alama hadi zikawa maisha ya ziada. Lakini hilo ni jambo la mazoezi, na halikutoi msituni.

Hatua ya 2 iko chini ya maji, na kwangu ndiyo nzuri kuliko zote za msitu, kwa sababu inatisha kwa ukimya. Ndani ya pango samaki wakubwa wamelala, herufi za Z zikiwapanda kutoka vichwani kama kwenye katuni. Ukiogelea mbali nao hawajui kama upo. Ukiwakaribia wanaamka na kukufuata, na hawachoki mpaka uwaache mbali kiasi cha kutosha, ndipo wanaposhuka tena na kulala. Njia bora ni kukaa juu ya njia yao, kugonga kitufe cha kuruka kwa vipimo vidogo vidogo badala ya kukigonga kwa pupa, na kumwamsha samaki mmoja kwa wakati mmoja. Aliye na ua la moto asilidharau hapa, kwa sababu mipira ya moto hufanya kazi hata majini. Viumbe wa duara wenye miiba, Urchin, hawafukuzi mtu, ila husogea katika njia yao ile ile pangoni, na penye wembamba inabidi usubiri wapite kwanza.

Ukifika karibu na mwisho wa pango, usikimbilie kutoka. Kuna ukuta unaoonekana mgumu kama kuta nyingine zote, lakini Mario akiusukuma anapita ndani yake kama anayepita kwenye pazia, na nyuma yake ndipo ufunguo na tundu vilipo. Hapo ndipo jina la msitu linapojieleza. Hakuna alama yoyote ukutani. Ogelea ukiwa umebonyeza kitufe cha mwelekeo kuelekea kila ukuta wa sehemu hiyo mpaka mmoja ukubali. Ukiwa na ufunguo mkononi utagundua kwamba Mario anaogelea kwa kasi zaidi na hazami, kwani ndivyo ilivyo kwa kitu chochote anachobeba majini, kwa hiyo shika breki mapema usije ukampamia adui. Ufunguo huu haukutoi msituni. Unafungua njia ya Blue Switch Palace, ambako ukikibonyeza kitufe kikubwa, vizuizi vya buluu vilivyokuwa alama za nukta tu katika mchezo mzima vinakuwa imara. Havitoi uyoga wala manyoya kama vile vya njano na vya kijani, lakini vinaziba mashimo na kujenga madaraja, na ikulu yenyewe ni mahali pengine pa kuhifadhi mchezo. Kwa maoni yangu inafaa kupita hapo hata kama una haraka.

Sasa hatua ya 3, ambayo ndiyo kufuli la msitu. Mapovu yanaelea kuelekea kwako, na ndani ya kila povu mna kitu: adui mdogo, bomu lenye miguu, au, mara chache, uyoga. Povu likipasuka, kilichomo kinadondoka hapo hapo na kuanza kutembea, kwa hiyo tazama kilichomo kabla ya kuligusa. Bomu likianguka miguuni pako una muda mfupi tu kabla halijalipuka. Lipige teke au ondoka. Hatua hii imejaa mabomba, na mengi ni ya kupambia tu. Ndiyo maana wachezaji huchoka kuyajaribu na kuishia kwenye geti, ambalo huwapeleka kwenye nyumba ya mizimu na mduara kuanza upya. Ushauri wangu ni huu: ipite hatua mara moja hadi mwisho ili uwe na ruhusa ya kutoka kwa Start na Select, kisha uirudie kwa ajili ya mabomba peke yake. Simama juu ya kila bomba na ubonyeze chini. Penye bomba linaloangalia chini, ruka huku umebonyeza juu. Yape mabomba ya sehemu ya mwisho uzito zaidi kuliko ya mwanzo, maana wabunifu wa mchezo huu wana tabia ya kukuficha kitu baada ya kukuchosha. Mwenye joho azungushe mwili penye vizuizi vya njano vinavyozunguka, au aruke kwa mzunguko juu yake akiwa Mario mkubwa, kwa sababu vizuizi hivyo huzunguka au huvunjika na kufungua nafasi. Ukiupata ufunguo na kuufikisha kwenye tundu, tazama ramani kwa makini: njia itakayochorwa haitaelekea tena kwenye nyumba ya mizimu, itaelekea kasri.

Kasri la Roy

Ndani ya kasri utakutana na nyoka wa vizuizi vya kahawia juu ya bahari ya moto. Ukimkanyaga anaanza kutembea, vizuizi vikijiongeza mbele na kupungua nyuma, na kazi yako ni kubaki katikati ya mgongo wake. Wanaosimama kichwani hushindwa kumfuata anapogeuka ghafla. Wanaosimama mkiani huachwa hewani. Anapopanda, ruka kwa hatua fupi za kizuizi kimoja kimoja, na anaposhuka mwache atangulie kidogo.

Roy mwenyewe anapanda ukuta, anatembea darini akiwa amepinduka, na akifika juu ya kichwa chako anajiachia. Ukiwa umegusa sakafu anapotua, mtikisiko unamgandisha Mario kwa muda, na hapo ndipo wengi wanapopigwa. Msubiri akuone uko chini yake, sogea kando mara tu anapoanza kuanguka, ruka ili uwe hewani anapogonga sakafu, kisha mtue kichwani kabla hajarudi ukutani. Mara tatu zinatosha. Tofauti yake na Morton, ambaye ulipigana naye kwa mtindo huo huo mwanzoni mwa mchezo, ni kwamba kuta za chumba cha Roy zinasogea ndani kadiri muda unavyopita, na chumba kikibaki chembamba huna pa kukwepea. Kwa hiyo usicheze naye kwa tahadhari kupita kiasi. Mkanyago wa kwanza uwe wa mapema. Akianguka, njia ya Chocolate Island, dunia inayofuata, imefunguka na umetoka msituni.

Vilivyobaki

Anayetaka njia zote 14 ana kazi ya kurudi. Ufunguo wa hatua ya 1 unafungua njia ya moja kwa moja kwenda nyumba ya mizimu. Katika hatua hiyo kuna puto linalomvimbisha Mario na kumwacha aelee kwa muda mfupi. Ukilipata, usilipotezee kwenye sarafu, lielekeze mbele mahali ambapo miguu isingefika. Joho nalo linasaidia.

Yoshi hakubali kuingia kwenye nyumba ya mizimu, kwa hiyo utaingia peke yako. Mizimu hujifunika uso ukiitazama na kukufuata ukiipa mgongo. Tembea, geuka, tembea, geuka. Humo usitoke kwa mlango wa kwanza unaouona, kwa sababu huo ndio unaokurudisha hatua ya 1. Kitufe cha buluu chenye herufi P kikikanyagwa hugeuza sarafu kuwa matofali na matofali kuwa sarafu, na hudhihirisha milango ambayo kwa kawaida haiingiliki, lakini kwa sekunde chache tu, kwa hiyo chunguza chumba kwanza ndipo ukanyage. Mlango wa pili wa nyumba hii ndiyo njia ya kufika hatua ya 4.

Hatua ya 4 ni ya Lakitu, wale wanaorusha vijikobe vyekundu vyenye miiba. Yupo anayevua samaki akiwa wingu lake limetulia, na kwenye ndoana yake pananing'inia uyoga wa kijani wa uhai wa ziada. Ukiuchukua, uvuvi umekwisha na mashambulizi yameanza, kwa hiyo amua kama uhai mmoja una thamani hiyo. Wengine wamejificha ndani ya mabomba, wakichomoza na kurusha kisha kuzama. Kati ya mabomba hayo yanayokaliwa limo linaloingilika, na ndani yake ndimo ufunguo ulimo. Hakuna anayefikiria kuingia katika nyumba ya adui, na ndiyo maana pamechaguliwa. Geti la kawaida la hatua hii, kwa taarifa yako, linakurudisha hatua ya 2.

Ufunguo wa hatua ya 4 unakupeleka Forest Secret Area, hatua fupi ya kuruka hewani yenye njia moja tu, kisha Forest Fortress. Ngome hiyo ina misumeno ya duara, na mwishoni wanakusubiri Reznor wanne, dinosaria wenye pembe wanaotema moto wakiwa juu ya majukwaa yanayozunguka; wapige kichwa kutoka chini ya majukwaa yao, tena upesi, kwa sababu daraja unalosimama juu yake huanza kukatika. Nyuma yao ipo nyota ya Star Road, eneo la siri la mchezo.

Kukagua kama umemaliza ni kazi ya macho, kwa kuwa kitone chekundu hakibadiliki rangi hata baada ya njia zote mbili kupatikana. Simama juu ya kila kitone na uhesabu njia zinazotoka hapo. Anza na hatua ya 2, kwa sababu wengi hutoka msituni bila kujua kwamba kulikuwa na ikulu nyuma ya ukuta.